Mashine inafua vizuri lakini inakataa kukamua: je, kweli ni bodi?

Ummu Tudor aliuliza:

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, ya kilo 7, ambayo imenitumikia miaka minne bila kunisumbua, na sasa ni wiki ya pili inanitesa. Inavuta maji, inayapasha moto, inageuza nguo kama kawaida, lakini ikifika kwenye kukamua inasimama, taa tatu zinawaka na kuzimika kwa pamoja, na mlango unabaki umefungwa. Siku ya kwanza maji yalibaki ndani hadi nusu ya kioo, nami nikasafisha chujio la pampu lililo chini upande wa kulia. Nilitoa humo sarafu ya shilingi 20, kibanio cha nywele na mchanga wa ufuoni wa kujaza kiganja, kwa kuwa watoto huenda kuogelea Nyali kila Jumapili. Tangu hapo maji yanatoka yote. Nayasikia yakimwagika bafuni, na mlango ukifunguka nikamulika tochi ndani ya pipa, sioni maji yaliyosimama. Hata hivyo haikamui. Pipa huzunguka polepole mara mbili tatu, kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza, kisha linatulia, na shuka nazitoa zikichuruzika maji.

Fundi aliyekuja nyumbani aliitazama kwa muda usiozidi dakika kumi, hakuifungua, akasema bodi, yaani ule ubao wa umeme unaoiamuru mashine, imekufa na kwamba bodi nyingine pamoja na kazi yake ni shilingi 18,000. Sisemi kwamba amekosea, kwa sababu elimu hiyo sinayo. Ninalotaka ni njia ya kuhakikisha kabla sijatoa pesa, ambazo nazo itabidi nizikope.

Naandika kwa kirefu kwa kuwa jambo hili kwangu si la anasa. Mama yangu ni wa kitandani tangu mwaka jana, na shuka zake hubadilishwa kila siku, pengine mara mbili. Kuzifua kwa mkono naweza. Kuzikamua shuka za pamba za kitanda kikubwa kwa vidole hivi vyenye baridi yabisi siwezi, na masika haya nguo isiyokamuliwa haikauki rosheni hata kwa siku mbili.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na siku nyingine tangi la paani hujazwa maji ya kisima cha jengo. Natumia sabuni ya unga ile ile ya kufulia kwa mkono, na palipo na madoa hupasugua kwanza kwa sabuni ya kipande. Hufua kwa maji baridi, mara chache kwa nyuzi 40. Naomba anayejua anielekeze.

Mkaazi wa Bamburi alijibu:

Pole sana, dada, na Mwenyezi Mungu amjalie mama afya.

Mimi si fundi, ila yangu iliwahi kunisumbua kwa namna nyingine. Ilikuwa ikivuta maji na kuyamwaga papo hapo, saa nzima inapita na haijaanza kufua. Kumbe bomba la kutolea maji lilikuwa limelazwa sakafuni bafuni, mdomo wake kwenye tundu la maji machafu, na bomba likiwa chini kuliko maji yaliyomo ndani ya pipa, maji hujivuta yenyewe na kutoka hata kama pampu haijawaka. Nililipandisha nikalifunga kwenye kulabu ya ukutani, yapata sentimita 70 kutoka sakafuni, na mambo yakatengenea. Umesema yako yanamwagika bafuni, kwa hiyo litazame hilo.

La pili ni hayo maji ya kisima. Maji ya chumvi ya huku kwetu hula kila chuma, na naamini chumvi imeshaganda ndani ya pampu au ndani ya mabomba. Kama unyevu huo umefika kwenye bodi, basi huenda fundi wako yuko sahihi.

Fundi wa Changamwe alijibu:

Wa alaykum salaam, binti yangu. Nimefanya kazi katika vyumba vya kufulia vya mahoteli ya pwani hii kwa miaka 22, na mashine za nyumbani nimezifungua nyingi. Bodi hufa, hasa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, na iliyokufa mara nyingi huacha alama: harufu ya kuungua, kipande kilichovimba, doa jeusi upande wa nyuma. Lakini hiyo ya kwako inaamuru maji yaingie, inaamuru yapashwe moto, inageuza mota kulia na kushoto, inawasha pampu na kufunga mlango. Anayesema imekufa sharti aifungue aonyeshe ni wapi. Kubadilisha bodi kwa kubahatisha ni kumfanya mwenye mashine alipie masomo ya fundi.

Nijibu kwanza swali moja. Maji yakishakwisha kutoka, je, pampu hunyamaza mara moja, au huendelea kuunguruma ikivuta upepo kwa dakika kadhaa kabla ya taa kuwaka?

Nauliza kwa sababu mashine haina jicho la kuona kama ndani mna maji. Inachofanya ni kupima hewa. Ubavuni mwa pipa la nje, karibu na chini, kuna kichumba kidogo cha plastiki, na kutoka hapo unapanda mrija mwembamba wa mpira, wa unene wa kalamu, hadi kwenye swichi ya shinikizo iliyo juu, karibu na mfuniko wa mashine. Maji yanapopanda ndani ya pipa huingia pia kwenye kichumba, huisukuma hewa iliyomo, na hewa hiyo iliyobanwa husukuma utando ulio ndani ya swichi, ndipo mashine inapojua kwamba maji yametosha. Maji yakitoka, hewa hulegea, utando hurudi mahali pake, na mashine hujua kwamba sasa ni mkavu na inaweza kukamua. Mdomo wa kile kichumba ukizibwa na uchafu, hewa iliyobanwa hukosa pa kurudi, na mashine huendelea kuamini kwamba pipa limejaa ilhali ni tupu. Pampu itavuta na kuvuta, muda uliowekwa utapita, kisha itakata tamaa na kuwasha taa. Haiwezi kuthubutu kukamua, kwa kuwa imeundwa isizungushe pipa kwa kasi kubwa lenye maji ndani. Uzito huo ungevunja beringi na kuing'oa mashine mahali pake.

Kuna jambo jingine linalofanana sana na hilo, nalo ni uzito uliokaa upande mmoja. Shuka moja kubwa iliyolowa hujikunja donge, mashine hujaribu kulitandaza kwa kuzungusha polepole mara mbili tatu, na isipofaulu huacha. Kwa hiyo jaribio lako la kwanza lisiwe la kufungua skrubu yoyote. Liache pipa tupu kabisa, chagua kukamua peke yake, usikilize. Likikamua likiwa tupu, shida ni upangaji wa nguo au shokamzoba zilizochoka: libonyeze pipa kwa mkono uliachie, nalo linatakiwa lipande mara moja na kutulia, si kurukaruka. Likikataa hata likiwa tupu, twende kwenye mrija.

Kuhusu ndugu yetu wa Bamburi, ushauri wake wa bomba ni wa kweli na ulifuate kwa vyovyote, ila bomba lililolala huleta ugonjwa wa kutojaa, nao huo si wako. Na pampu yenyewe siishuku, maadamu inatoa maji yote. Ingekuwa inanyamaza kimya, ningekwambia uchomoe nyaya zake mbili na kuipima ukinzani wa umeme kwa multimita: koili ya pampu nzima kwa kawaida husoma kati ya omu 100 na 200, na iliyokatika haisomi chochote.

Ukiamua kufungua, chomoa plagi kutoka kwenye soketi. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Subiri dakika kumi, kwa kuwa kuna vipande vinavyobaki na umeme ndani yake. Funga mfereji. Nyuma ya mashine, juu, kuna skrubu mbili. Zikitoka, mfuniko wa juu husukumwa nyuma na kuinuka. Piga picha ya kila waya kabla hujaugusa. Utaiona swichi, ya mviringo kama kisosi kidogo, na mrija umechomekwa chini yake. Uchomoe mrija kwenye swichi kwanza, ndipo upulize kwa mdomo kuelekea chini, taratibu. Usipulize kwa nguvu, na wala usitumie pampu ya baiskeli mrija ukiwa bado umeshikana na swichi, kwa sababu utando wake ni mwepesi na utaupasua. Hewa ikipita bila kizuizi, njia ni safi. Ukihisi kama unapuliza chupa iliyozibwa, umeshapata jibu lako kwa bei ya skrubu mbili.

Mwalimu wa Kizingo aliandika:

Naomba kuongeza neno moja kuhusu maji, kwa sababu hapa Mombasa tuna mazoea ya kuita kila kitu chumvi, na mazoea hayo hutupotosha tunapotafuta dawa.

Maji ya chumvi na maji magumu ni vitu viwili. Chumvi ya kawaida iliyoyeyuka majini haigandi ndani ya mashine, kwa kuwa hubaki imeyeyuka na kutoka pamoja na maji. Ubaya wake ni kula chuma, na hasa ile mikono mitatu ya aluminiamu inayoshikilia pipa la ndani kwa nyuma. Ikiliwa hiyo, mashine hugonga kwa sauti nzito inapozunguka, jambo ambalo dada hakulitaja. Kinachoganda ni chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile lililojengewa nyumba za Mji wa Kale na kuchomwa likawa chokaa ya kuzipaka, na maji ya kisima yaliyopita kwenye jiwe hilo hubeba kalsiamu. Maji hayo yakipashwa moto, kalsiamu hushika kwenye kipasha moto kama ule ugaga mweupe tunaouona ndani ya birika la chai.

Lakini nimesoma maelezo ya dada mara mbili, na neno lililonisimamisha ni sabuni ya kipande. Sabuni ya kweli ya mafuta, ikikutana na kalsiamu, haitoi povu kwanza; hugeuka utando mzito, wa kijivu, usioyeyuka. Ndiyo ile taka inayozunguka ukingoni mwa beseni tunapofulia kwa maji ya kisima. Katika beseni tunaimwaga. Katika mashine inayofua kwa maji baridi kila siku hujikusanya mahali penye maji yasiyokwenda kasi, na mahali hapo ni kama kichumba kile alichokieleza mzee wetu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono nayo imeundwa itoe povu jingi, na povu katika mashine ya mlango wa mbele hupanda kusikotakiwa na kuacha mabaki yake huko. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya mashine ya aina hiyo. Ni ghali zaidi kwa kilo, lakini kipimo chake ni kidogo.

Mashine ikishapona, iendeshe tupu kwa nyuzi 60 ukiwa umetia gramu 100 hivi za ndimu ya unga ndani ya pipa. Asidi hiyo huyeyusha chokaa, nao moto hulegeza mafuta. Nakusihi sana usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, hata kidogo, wala usiitie siku ile ile uliyotumia dawa hiyo kabla ya kusuuza vizuri, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya klorini, na nyumba yenye mgonjwa kitandani si mahali pa kufanyia kosa hilo.

Ummu Tudor alirudi na majibu:

Mzee wangu wa Changamwe, Mwalimu, na ndugu wa Bamburi, Mungu awalipe kheri. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na habari kamili.

Jibu la swali ni kwamba pampu hainyamazi. Nilikaa karibu nayo na saa mkononi: maji yalikwisha katika muda wa dakika moja na kidogo, kisha pampu ikaendelea kuunguruma kavu kwa dakika tatu zaidi kabla ya taa kuwaka. Nililisikia hilo kila siku kwa wiki mbili na sikujua kuwa lina maana. Nikajaribu kukamua pipa likiwa tupu, likakataa vile vile. Pipa nililibonyeza, likapanda na kutulia.

Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri alikuja mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea umeme wa magari, tukafungua kama mlivyoelekeza. Mrija tuliuchomoa kwenye swichi, nikapuliza mimi mwenyewe. Haukupita hata mpumuo mmoja. Tukaulaza mrija, tukautoa na kwenye kichumba cha chini, ambacho kwenye mashine yangu kimeshikwa na skrubu moja na kibano cha mpira, na kwa kukifikia ilibidi tufungue pia bamba la nyuma. Mrija wenyewe ulikuwa msafi kuliko nilivyodhani, isipokuwa inchi moja ya mwisho. Kichumba kilikuwa kimejaa. Vitu vilivyomo vilikuwa vya kijivu, laini, vinanata kama samli iliyoganda, na ndani yake mna nyuzi za shuka na chembe za mchanga. Nilipovisugua kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, chumba kizima kilinuka sabuni ya kipande, ile ile ninayoisugulia madoa ya mama. Nilikaa kitako nikaitazama ile beseni kwa muda.

Kabla ya kurudisha, kijana alipuliza kidogo sana kwenye swichi, kwa mrija mfupi, tukasikia "tik" ndogo, na alipoachia ikasikika tena. Tukauchunguza mrija wote kwa kuukunja kwenye mwanga kuona kama una ufa, hatukuona. Tulipofunga na kuchomeka plagi, nilichagua kutoa maji na kukamua. Pampu iliunguruma muda mfupi, ikanyamaza. Pipa likageuka polepole, likasita mahali pale pale lilipokuwa likisitia siku zote, nami nikashika kifua. Kisha sauti ikaanza kupanda, ikapanda, mpaka chupa za dawa juu ya rafu zikatetemeka. Mama aliuliza kutoka chumbani kama ni ile mashine.

Jana nimefua shuka tatu pamoja badala ya moja, ili zisawazike, na jioni zilikuwa zimekauka ndani ya nyumba chini ya feni. Fundi wa kwanza nilikuwa nimeshamlipa shilingi 1,000 za kuja, na sikumdai.

Limebaki jambo moja. Tangu juzi naona tone la maji sakafuni chini ya kile kifuniko kidogo cha mbele, penye chujio la pampu. Si mengi, kitambaa kimoja kinayamaliza. Je, niogope?

Fundi wa Changamwe alijibu:

Alhamdulillahi, binti yangu, na mpe mama salamu zangu. Mpe na kijana pongezi; aliyeipima swichi kwa "tik" atakuwa fundi.

Usiogope. Uliposafisha chujio mlikuwa na mchanga, na chembe moja ikikaa kwenye mpira wa mviringo unaozunguka shingo ya chujio inatosha kupitisha maji. Mimina kwanza maji yaliyobaki kwenye sinia pana, kwa kuwa chombo kirefu hakiingii chini pale, kisha toa chujio, futa ule mpira kwa kitambaa chenye maji, pitisha kidole kwenye mifereji ya skrubu iliyo ndani ya shimo, na uone kama mpira umekunjika au umechanika. Rudisha kwa mkono hadi likome lenyewe. Usitumie plaisi, kwa sababu mifereji hiyo ya plastiki ikiharibika utalazimika kununua gamba zima la pampu. Na bomba lako la bafuni, kama bado limelala, lipandishe wiki hii. Sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni panafaa kwa mashine nyingi za aina hiyo.

Ukiona tone baada ya hapo, tazama kama linatoka mashine inapojaa maji au inapoyatoa, uniandikie ni lipi kati ya hayo mawili. Likitoka wakati wa kutoa peke yake, tutaangalia kibano cha bomba nyuma ya pampu na si chujio.